Tonge la Mkono wa Kulia

Kuna maneno mawili ambayo mpaka leo nikiyasikia damu inanichemka: fungua mdomo.

Mjomba wangu Hamisi alikuwa akiyasema asubuhi, mchana na jioni, kwa upole kabisa, huku ameshika tonge mbele ya uso wa mama yake mzazi. "Fungua mdomo, mama." Na Bibi Tatu, mwanamke aliyezipikia shughuli za kijiji chetu cha Kitaya tangu mimi sijazaliwa, ambaye wanaume wazima walikuwa wakimwogopa akishika mwiko, alikuwa ameketi nyuma ya pazia la chumba chake, kitambaa kimefungwa shingoni, anafungua mdomo. Akimeza, mjomba anamfuta kidevu. Akikataa, mjomba anambembeleza. Watu wakipita nje wanasema, "Mwenyezi Mungu amlipe Hamisi, mtoto wa namna hii siku hizi yuko wapi?"

Mimi nilipoyaona hayo kwa mara ya kwanza nilitaka kupiga kelele.

Kiharusi kilimpata bibi msimu wa korosho, shambani, ameinama anaokota. Upande wa kulia ukalala. Wakamkimbiza hospitali mjini Mtwara, na huko wakamtoa hai, kwa hilo siwezi kuwanyima shukrani. Lakini siku ya kuruhusiwa, daktari mmoja kijana, mgeni wa mkoa huu, alimwambia mjomba kwa haraka, kando ya kitanda cha bibi, mguu mmoja tayari uko nje ya mlango: "Mkono wa kulia msiutegemee tena. Mfundisheni ale kwa kushoto." Akaondoka. Hakuuliza hata mara moja watu hawa ni nani na mkono wa kushoto kwao una kazi gani.

Kwetu mkono wa kushoto ni wa chooni. Hilo hata mtoto wa kutambaa anafundishwa kwa kupigwa kikofi. Mjomba alitikisa kichwa mbele ya daktari, akatoka nje, na maneno yale hakumwambia mtu ila mkewe. Aliona bora amlishe mama yake kwa mkono wake mwenyewe mpaka siku Mungu atakapomchukua kuliko kumwona, yeye aliyemfundisha kusema Bismillah, akipeleka chakula mdomoni kwa mkono ule. Basi akatundika pazia. Nami kwenye simu nikawa naambiwa kila wiki, "Bibi yako hajambo, anakula vizuri." Anakula! Walishindwaje kuona aibu kulitumia neno hilo?

Wakati huo nilikuwa kaskazini, chuo kikuu, mwaka wa mwisho. Jina langu Zuhura, na mama yangu ni marehemu, ndiyo maana mjomba ndiye aliyenilea na ndiye aliyenisindikiza siku naondoka kwenda kusoma. Aliwatangazia Kitaya nzima kwamba mpwa wake anakwenda kusomea udaktari. Nilimsahihisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu nikachoka. Nasomea tiba kwa vitendo.

"Sindano utapiga?" aliniuliza.

"Hapana, mjomba."

"Dawa utaandika?"

"Siandiki dawa."

"Sasa utafanya nini?"

Nikamweleza hivi. Ukivunjika mguu, daktari anaunga mfupa. Mtu wa mazoezi anakusimamisha. Mimi nakuuliza, huo mguu unataka ukupeleke wapi? Msikitini? Mtoni kuchota maji? Basi twende tukajaribu pamoja, na tukikwama tutafute njia nyingine ya kufika. Nikamwambia wenzangu waliotangulia wameajiriwa katika hospitali za rufaa, wengine wako wodi za wagonjwa wa akili, wanapika na kulima bustani na wagonjwa mpaka mtu anakumbuka kuwa yeye ni mkulima. Wapo wanaotengeneza viti vya watoto wasioweza kukaa, wapo viwandani, wapo mashuleni, wapo wanaofundisha chuoni. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi.

"Mpwa wangu," akasema, "watu wakikuuliza hapa kijijini, wewe sema daktari tu. Tusitiane aibu."

Mwaka wa kwanza mwalimu wetu, Bi Lucy, alitufunga mikono ya kulia kwa vitambaa, akatuletea wali na maharage, akasema tule. Wenzangu wakacheka, wakala kwa kushoto, wakajimwagia. Mimi nikabaki nakitazama chakula. Bi Lucy akaniuliza kulikoni, nikamwambia kwamba kwetu sili namna hiyo hata kama nakufa njaa. Darasa likacheka zaidi. Bi Lucy hakucheka. Akanisimamisha niwaeleze, akawaambia wenzangu, "Mmesikia? Mtaalamu ambaye hajauliza swali hilo atamtibu mtu mkono, na mtu huyo atakufa na njaa." Nilidhani anatia chumvi. Kumbe wakati anasema vile, yule wa kufa njaa alikuwa nyumbani kwetu, ila hajaanza kuumwa.

Mwaka wa mwisho nikaomba mafunzo kwa vitendo nifanyie Mtwara, nyumbani. Nikapanga chumba mtaa wa Chikongola, nyuma ya soko, nikavaa koti langu jeupe lililopigwa pasi, nikaenda kuripoti kwenye hospitali niliyopangiwa. Jina lake silitaji, maana wauguzi wake ni watu wema na hawahusiki. Aliyenipokea ni Bwana Dickson, afisa utumishi.

"Tiba kwa vitendo?" akasema, akaegemea kiti. "Binti, kuna tiba isiyokuwa na vitendo?" Akacheka peke yake. "Ni wale wakandaji?"

"Hapana, mzee. Tunamsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku. Kula, kuvaa, kupika, kufanya kazi yake."

"Yaani mtu anakwenda chuo kikuu kusomea kuvaa shati." Alisema hivyo kwa sauti, wa chumba cha pili wasikie. "Hapa hatuna kitengo hicho. Kaa dirisha la kadi, tuna upungufu wa watu."

Nikakaa dirisha la kadi. Nikajifunza kuita majina. Siku moja akaja kijana mmoja, Mohamedi, fundi wa injini za boti kutoka upande wa Mnazi Bay, vidole vya mkono wake mmoja vimekatwa na feni ya injini. Kidonda kimepona, anakuja kufungiwa jalada lake. Nikamuuliza tu, kwa mazoea, sasa kazi inakwendaje. Macho yakamjaa machozi. "Dada, shati sivai mpaka mke wangu anifunge vifungo. Nikimwambia daktari ananiambia nishukuru niko hai."

Nikatoka nyuma ya dirisha. Nikachukua kipande cha waya mgumu wa kutundikia nguo, nikakikunja kuwa kitanzi, nikakifungia mpini wa kijiti, nikamwonyesha namna ya kukipitisha kwenye tundu la shati, akamate kifungo, avute. Alijaribu akashindwa, akajaribu tena. Kifungo cha tatu kilipopita, alifungua vyote akaanza upya, anacheka mwenyewe, na foleni nzima ikawa inamtazama. Bwana Dickson akatokea. "Zuhura! Watu wanasubiri kadi, wewe unacheza na waya?"

Nikarudi dirishani. Nilikuwa na hasira mpaka jina la aliyefuata nikalisoma vibaya. Yule kijana alikuwa amekuja hospitali hiyo hiyo mara zote za kufungwa kidonda, na hakuna aliyemuuliza kama anaweza kuvaa. Aliyeuliza akaambiwa anacheza.

Ijumaa ya kwanza nilipopata nafasi nilikwenda Kitaya. Ndipo nikakuta lile pazia.

Nilisubiri mjomba amalize, atoke na sahani yake. Bibi alikuwa amekula kidogo sana. Mabega yake, ambayo nilizoea kuyaona mapana nyuma ya moto, yalikuwa yamebaki mifupa. Nikakaa chini karibu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa daktari?"

"Mimi si daktari, bibi. Niambie, unataka nini?"

Maneno yake yalikuwa mazito, yanatoka polepole, lakini akili yake ilikuwa ile ile. "Nataka kula," akasema.

"Si umelishwa sasa hivi?"

"Nimesema kula. Wewe nawe umesoma, hujui tofauti?"

Nikashika mkono wake wa kulia. Nikaupima kama nilivyofundishwa. Bega linanyanyuka kidogo. Kiwiko kinakunjika. Vidole vinafumba ila havitaki kufumbua. Mkono ule ulikuwa dhaifu, ulikuwa mvivu, lakini haukuwa umekufa, na tangu msimu wa korosho haukuwa umepewa kazi hata moja. Walikuwa wameuweka mapajani wakaufunika khanga. Nilijikuta nalia kwa hasira, na bibi akadhani nalia kwa huruma, akanikemea.

"Nyamaza. Nkono wangu utakula?"

"Sijui, bibi. Tunaweza kujaribu."

"Sinia?"

Hapo nikaelewa anachotaka hasa. Kwetu, kwenye shughuli, wapishi hula mwisho. Wageni wakishashiba na kunawa, wanawake waliokesha jikoni wanazunguka sinia lao. Na sinia lile halianzwi na yeyote mpaka mkubwa wao aseme Bismillah, atie mkono, ale tonge la kwanza. Hata kama njaa inawauma, wanangoja. Kwa miaka yote niliyoijua mimi, mkubwa huyo alikuwa Bibi Tatu. Tangu augue anafungua mdogo wake, tunayemwita Bibi Mdogo, na wanasema kila akifungua anapangusa macho kwanza. Sasa binti wa mwisho wa mjomba, Salima, alikuwa mwali ndani, na likizo ya shule ikikaribia mwisho atatolewa kwa ngoma na karamu. Bibi alikuwa akizihesabu siku hizo kimoyomoyo nyuma ya pazia lake.

Tukaanza kesho yake, mjomba akiwa shambani. Nilimtoa chumbani nikamkalisha jikoni kwake, juu ya mkeka, mgongo umeegemea ukuta. Upande wa kulia nikaweka kigoda kifupi, juu yake khanga iliyokunjwa, kiwiko kikapata pa kupumzika. Tukauloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu mpaka vidole vikalegea. Kisha nikamwambia auweke mkono wa kushoto chini ya kifundo cha mkono wa kulia, kwenye mfupa, aunyanyue kutoka chini.

"Wa kushoto usiguse chakula," nikamwambia. "Huo ni punda tu. Anayekula ni wa kulia."

Bibi aliufikiria mpango huo, akautafutia kasoro ya kidini, hakuiona. "Hilo," akasema, "yule daktari wenu alishindwa nini kulisema?"

Nikamkaushia vidole kwa khanga.

Hatukuanza na wali wa karamu. Somoe, mke wa mjomba, alikuwa amesonga bada, ule ugali wetu wa muhogo unaonata, nikaomba donge. Bibi akafinyanga. Siku ya kwanza donge halikufika hata kifuani. Jumamosi iliyofuata lilifika kidevuni. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa mbele yake nimekunja mikono. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika fani hii, na ndiyo ambayo mitihani yote haikupimi sawasawa: kuketi, kumwona mtu umpendaye anahangaika, na kutomsaidia mpaka msaada uwe na maana. Mikono inakuwasha. Unaikalia.

Siku hiyo mjomba alirudi mapema. Akasimama mlangoni mwa jikoni na jembe begani. Akamwona mama yake ana bada kidevuni, kifuani, kwenye khanga, mkono unatetemeka hewani, jasho linamtoka. Akaniona mimi nimekaa.

"Unamwangalia tu?" akasema. Mwanzoni kwa sauti ndogo. Kisha akalitupa jembe. "Unamwangalia tu, Zuhura? Mama yangu anajipaka chakula kama mtoto, wewe umekunja mikono? Hiyo ndiyo elimu? Miaka yote hiyo chuo kikuu, umekwenda kujifunza kumtesa mzee?"

"Mjomba, simtesi, anaji—"

"Nyamaza!" Akachukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kumfuta bibi uso. "Pole, mama. Pole, mama yangu."

Nilikuwa sijawahi kumpandishia mjomba wangu sauti. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hampandishii mjomba sauti. Siku ile nilimpandishia mpaka majirani wakatoka nje.

"Nani anayemtesa? Umeuona mgongo wake? Umemwona alivyokwisha? Huyu hakatai chakula kwa ugonjwa, mjomba, anakataa kulishwa! Umemnyang'anya mkono, umemnyang'anya jiko, umemfungia nyuma ya pazia, halafu watu wanakusifu! Kiharusi kilichukua nusu ya mwili wake. Nusu iliyobaki umeichukua wewe!"

Somoe alikuwa ameshika mdomo. Mjomba akasimama taratibu, kitambaa bado mkononi.

"Nilikuwa namficha," akasema, "ili watu wasimcheke mama yangu. Wewe unanitukana mbele ya watu." Akanionyesha njia. "Siku ya Salima njoo kama mgeni. Bibi yako usimguse tena. Na siku hiyo hatoki chumbani, chakula chake atapelekewa ndani. Sitaki watu wamkodolee macho."

Nilimtazama bibi ili anitetee. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakusanya kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia vipande vya bada vilivyodondoka mapajani.

Nikarudi mjini. Nikaita majina dirishani. Bwana Dickson akanisifia kwa mara ya kwanza, kwamba sasa nimetulia. Nilikuwa sijatulia hata kidogo. Nilikuwa nalala na kuamka na neno lile la kumtesa. Lilinikera kwa sababu nililiona kama mjomba alivyoliona: binti amekunja mikono, mzee anamwaga chakula. Mtu akipiga sindano, uchungu wake una heshima, kila mtu anajua ni dawa. Wa kwangu hauna heshima hiyo. Wa kwangu unaonekana ukatili, au unaonekana mchezo.

Siku ya Salima nikaenda kama nilivyoambiwa, mgeni. Ngoma zilikuwa zinalia, mwali amepambwa, uwanja umejaa. Nikampita mjomba upande wa wanaume, nikamwamkia, akaitikia akiangalia pembeni. Nikaingia jikoni, nikashika kisu nimenye vitunguu. Somoe akaja kuinama karibu yangu kana kwamba anatafuta chumvi.

"Bibi yako ananitia wazimu," akaninong'oneza. "Kila nikisonga bada ananidai donge lake. Analiweka chini ya khanga, analifinyanga kutwa nzima. Jana kalifikisha mdomoni, mbele yangu, mara mbili."

Nikaweka kisu chini. "Mjomba anajua?"

"Ajuaje? Yeye si anaona khanga tu." Kisha akanitazama kwa wasiwasi. "Lakini leo tunapika wali, Zuhura. Wali hajaujaribu."

Bada unanata, unatii. Wali punje kwa punje unakukimbia, hata wenye mikono yao miwili wanaumwaga.

Wageni wakala, wakanawa. Alasiri wapishi tukakaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, tukizunguka sinia letu la wali na nyama ya mbuzi, pembeni bakuli la mbaazi za nazi. Bibi Mdogo akanawa mkono. Akapangusa macho kama kawaida yake. Akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Ngoja," ikasema sauti kutoka mlango wa nyuma.

Bibi Tatu alikuwa amesimama, fimbo mkono wa kushoto, Somoe amemshika upande wa pili. Alikuwa amevaa khanga mpya. Bibi Mdogo akarudisha mkono wake mapajani, akasogea, nafasi ikapatikana. Nikakimbia kuleta kigoda, nikakunja khanga yangu mwenyewe nikaiweka chini ya kiwiko. Somoe akamnawisha. Kisha nikarudi nyuma, nikakaa, nikakunja mikono.

Bibi akauweka mkono wa kushoto chini ya kifundo. Mkono wa kulia ukaingia kwenye sinia. Vidole vikafumba. Ukanyanyuka, na wali wote ukamwagika kabla haujavuka ukingo.

Akarudia. Ukamwagika tena.

Wanawake wale walikuwa wamekesha. Walikuwa hawajala tangu alfajiri. Chakula kilikuwa mbele yao, kinapoa, na hakuna hata mmoja aliyesogeza kidole. Walikuwa wanautazama mkono ule.

Ndipo mjomba akafika. Mtu alikuwa amempelekea habari. Alikuja mbio, akawapita wanawake, akachuchumaa mbele ya mama yake, uso umemwiva kwa aibu. Akanawa haraka, akachota tonge.

"Fungua mdomo, mama."

Bibi akaubana mdomo. Akaubana mpaka midomo ikapotea.

"Mama, tafadhali. Watu wanatazama. Fungua mdomo."

"Hamisi," akasema Bibi Mdogo, "hili ni sinia la wapishi. Wewe leo umepika nini?"

Mtu mmoja akaangua kicheko, kisha wote. Mjomba akabaki na tonge lake hewani, hajui alipeleke wapi. Mwishowe akalirudisha kwenye sinia, akasimama, akarudi nyuma hatua chache. Hakuondoka.

Bibi hakucheka. Alikuwa anautazama wali kwa jicho la mtu wa jikoni. "Leteni mbaazi," akasema.

Bibi Mdogo akammiminia mbaazi za nazi mbele yake. Bibi akaukandamiza mkono wa kulia kwenye mchuzi ule mzito, akauvuruga wali, akaubonyeza kwa kiganja polepole mpaka ukashikana. Mimi sikulifikiria hilo. Sikutakiwa kulifikiria. Yeye ndiye mpishi. Vidole vikafumba juu ya wali uliokuwa sasa unanata kama bada. Wa kushoto ukanyanyua kutoka chini. Mkono ukapanda, ukatetemeka kifuani, ukasimama, ukapanda tena. Punje mbili tatu zikadondoka.

"Bismillah," akasema Bibi Tatu, kwa sauti nzito iliyofika mpaka kwa wanaume. Akala.

Mikono yote ikaingia siniani kwa pamoja. Bibi Mdogo alikuwa analia waziwazi huku anatafuna. Somoe alinipiga bega mpaka nikaumia. Nami nikala.

Bibi alitafuna polepole, akameza. Akaurudisha mkono kwenye sinia. Akafinyanga tonge jingine, kubwa kuliko la kwanza.

"Hamisi," akaita. "Njoo."

Mjomba akasogea. Mtu mzima, baba wa mwali, mvi kwenye ndevu, mbele ya wanawake wote wa shughuli yake. Akapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka. Mkono ule ukapanda, unatetemeka, ukafika mbele ya uso wake.

"Fungua mdomo," akasema Bibi.

Mjomba akatazama huku na huku. Akafungua mdomo. Nusu ya tonge ikaingia, nusu ikabaki ndevuni.

"Umejisikiaje?"

Mjomba akatafuna, akameza kwa shida. "Chakula kitamu, mama."

"Sijakuuliza chakula."

Mjomba akainama. Mabega yakaanza kumtikisika. Somoe akachukua kitambaa, akanyoosha mkono amfute mume wake mchuzi uliokuwa unamtiririka kidevuni, lakini Bibi Tatu akamzuia.

"Mwache," akasema. "Ana mikono."